Tuchukulie Umesomwa

28 Machi

Leo mkutano mkuu wa kijiji umeisha saa tano na nusu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika mihtasari nimefika nyumbani mama hajainjika wali. Nikapita dukani nikanunua daftari hili. Mkono wangu umezoea kuandika, na leo haukupata kazi ya kutosha.

Niseme mimi ni nani, ili daftari likipotea aliyeliokota ajue pa kulirudisha. Naitwa Shamsia Mwishehe, fundi cherehani, mjumbe wa halmashauri ya kijiji chetu, huku ndani ya Kisarawe unapoiacha Kibuta kuelekea Marui. Na mwandiko wangu ni mzuri. Hilo silisemi mimi, wanalisema watu. Anayetakiwa kuandika muhtasari wa mkutano ni mtendaji wa kijiji, Didas, lakini Didas anakaa Kibaha, anakuja na pikipiki siku tatu kwa wiki, na mwandiko wake hata yeye mwenyewe humshinda kuusoma. Basi mimi naandika, yeye anagonga muhuri.

Mwenyekiti wetu ni Mjomba Bilali, kaka yake mama. Baba alifariki nikiwa na miaka sita, na Mjomba ndiye aliyenisomesha. Lakini simsifu kwa sababu ya damu. Kabla yake tulikuwa na mwenyekiti aliyegawa viwanja vya kijiji kama peremende, na Mjomba alisimama peke yake kumpinga, miezi mingi, mpaka yule bwana akaondoka. Tulipomchagua yeye tukapata bomba la maji na zahanati ikaezekwa. Sijui mtu anayemchukia.

Leo, kabla ya ajenda ya kwanza, Bi Mwanajuma alinyoosha mkono kama kawaida yake. "Mwenyekiti, muhtasari wa mkutano uliopita usomwe."

Bi Mwanajuma ana miaka sitini na kitu, analima mpunga na mchicha kwenye bonde la Kwambiki, na hajui kusoma hata jina lake. Ndiyo maana anataka asomewe. Miaka minane sasa, kila mkutano nasimama nasoma kurasa tano, sita, na yeye anasikiliza amefumba macho. Nikimaliza husema, "Pale kwenye kisima hatukusema kitaangaliwa. Tulisema kitachimbwa kabla ya masika." Na kweli ndivyo tulivyosema. Watu huguna, mimi hukata mstari na kuandika upya, na muhtasari wangu mzuri unachafuka.

Leo Mjomba akacheka kile kicheko chake cha kupendwa. "Bi Mwanajuma, utatuua na njaa. Muhtasari kauandika Shamsia, Mtendaji kaugonga muhuri. Tuchukulie umesomwa. Mnaokubali?"

Mikono ilinyooka mingi, na makofi juu yake. Wangu pia ulikuwemo, koo lilikuwa linaniwasha. Bi Mwanajuma peke yake akasema, "Mimi sijausikia." Watu wakacheka, naye akakaa chini akajifunga kanga vizuri.

29 Machi

Mvua ya kwanza. Nimemaliza sare mbili za shule.

4 Aprili

Vyandarua vimefika, kimoja kila kaya. Tumevigawa barazani kwa ofisi ya kijiji na mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Didas alinipa karatasi zenye mistari: namba, jina, kitongoji, sahihi au dole gumba. Nikaona juu hapana kichwa cha habari. Nilimuuliza.

"Nitaandika baadaye, Dada Shamsia. Watu wanalowa."

Ni kweli walikuwa wanalowa. Nimeandika majina mia mbili na kumi na nne. Mzee Rajabu alitia sahihi yake ya herufi za Kiarabu, taratibu, kama anaandika hirizi, foleni nzima ikimsubiri. Bi Mwanajuma dole lake halikutoka mara ya kwanza, jembe limelilainisha lote. Ikabidi nimshike mkono nilikandamize kwenye wino mara ya pili.

"Hiki ni cha nini?" akauliza.

"Cha chandarua, Bi Mwanajuma."

"Si ungeandika hapo juu kwamba ni cha chandarua?"

"Kitaandikwa."

Akaniangalia, akaiangalia karatasi. "Haya. Wewe ndiye unayejua kusoma."

12 Aprili

Mzee Rajabu amefariki alfajiri, presha. Tumemzika baada ya adhuhuri. Kaburi lilikuwa linajaa maji, wanaume wakayachota kwa ndoo na bado yanarudi. Binti yake, Zubeda, alilia mpaka sauti ikamkauka. Mjomba alisimama kwenye tope mpaka mwisho, viatu vimeharibika, akawa wa mwisho kuondoka. Ndivyo alivyo.

13 Aprili

Mvua.

17 Aprili

Mvua. Nimeshona gauni moja, nikalifumua, nikalishona tena. Umetangazwa mkutano mkuu wa dharura tarehe 25, ajenda haijasemwa.

25 Aprili

Tangu asubuhi mvua haijakata hata dakika moja. Uwanja wa shule ni ziwa. Saa nne walikuwepo barazani kwa ofisi watu watatu: Mjomba, Didas na mimi. Saa tano, watatu wale wale. Akidi ya mkutano hata usiitaje.

Mjomba akatoa barua mfukoni. Kuna kampuni inataka kuchimba mchanga wa kujengea, na mchanga ulio mzuri uko bonde la Kwambiki, ekari arobaini. Wakipewa, watajenga madarasa mawili. Lakini wanataka muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ukionyesha kuwa wananchi wameridhia, na wanautaka Jumatatu. Wasipoupata watahamia kijiji kingine.

Nikamwambia, "Mjomba, watu hawajaja."

"Wangekuja wangekataa? Madarasa mawili, Shamsia. Watoto wanasoma kwa zamu."

"Bonde lina watu wanaolima."

"Watapewa sehemu nyingine. Mimi nimewahi kumdhulumu nani?" Akaniangalia kwa macho yale yale aliyoniangalia nayo siku aliponipeleka kidato cha kwanza. "Wameshindwa kuja kwa mvua tu. Tuchukulie wamekaa."

Nikakaa nikaandika. Niandike na hili hapa, kwa kuwa hapa sidanganyi mtu: niliandika vizuri sana. Mjomba alinipa maneno machache na mengine nikayatia mwenyewe. "Wajumbe walijadili kwa kina." "Baada ya mjadala mrefu." Nilipofika katikati nikaona muhtasari hauna uhai, haufanani na mikutano yetu. Nikajua kinachopungua. Nikaandika: "Bi Mwanajuma aliuliza iwapo wenye mashamba bondeni watapewa eneo mbadala. Mwenyekiti alijibu kuwa watapewa. Bi Mwanajuma aliridhika."

Mjomba aliposoma hapo alicheka mpaka akafuta machozi. "Umemweka mwenyewe kabisa!" Na mimi nikacheka. Nilijiona hodari.

Kisha Didas akatoa zile karatasi za vyandarua na kuzipanga nyuma ya muhtasari. Nilidhani Mjomba atasema kitu. Hakusema. Didas akasukuma karatasi ya kwanza kwangu, sehemu ya juu iliyobaki tupu, na kwa mkono wangu huu nikaandika: "Mahudhurio, Mkutano Mkuu wa Dharura, 25 Aprili." Majina sikuyapitia. Muhuri ukagongwa.

26 Aprili

Mvua. Madarasa mawili si kitu kidogo. Nimejiambia hivyo asubuhi, mchana na sasa hivi.

4 Mei

Leo tingatinga limeingia Kwambiki na malori manne nyuma yake. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua. Kaya thelathini na moja zinalima kule, wengi wanawake. Nasikia tingatinga lilianza upande wa juu, kwa Bi Mwanajuma.

Alasiri alikuja nyumbani, tope mpaka magotini. Mama alimkaribisha, akamwekea kiti, akaenda jikoni na hakurudi. Mama anajua zaidi ya anavyosema.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

"Marahaba. Shamsia, wale watu wa malori wanasema kijiji kimekubali. Wanasema kuna mkutano. Mkutano gani?"

"Wa tarehe ishirini na tano."

"Ile siku ya mvua? Mimi nilikuwa wapi?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Nimeirudia kichwani toka alipoondoka: kiti kilikuwa pale, yeye pale, na kati yetu hapakuwa na mtu wa kunitisha. Nikasema, "Uliweka dole, Bi Mwanajuma."

Akaligeuza dole gumba lake, akalitazama muda mrefu kana kwamba ndilo linalojibu maswali. Halafu akaaga.

5 Mei

Kundi la kijiji la WhatsApp, Sauti ya Kijiji, limebadilishwa. Sasa anayeweza kuandika ni Mjomba na Didas tu, sisi wengine tunasoma. Jana watu watatu walikuwa wameuliza habari za Kwambiki. Mjomba ameandika kwamba ni kuepusha upotoshaji, akaweka na maua. Watu hawawezi kumjibu, ila wanaweza kuweka alama ya dole lililosimama. Nimehesabu madole sitini na nane.

7 Mei

Mvua. Bi Mwanajuma amepeleka malalamiko Kibaha, ofisi ya mkoa. Amekwenda peke yake.

14 Mei

Nimeitwa Kibaha kama shahidi. Mjomba alinitafutia bodaboda mpaka Kisarawe mjini, kisha gari mpaka Kiluvya, kisha Maili Moja, na Didas akanipokea stendi. Toka stendi mpaka ofisini ananiambia nisiogope, nijibu kifupi. Sikuwa naogopa. Nilikuwa nimevaa baibui yangu mpya.

Ofisini tulikuta afisa, mama mmoja mwenye miwani, mtu mwenye adabu, akaagiza tuletewe maji ya kunywa. Bi Mwanajuma alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, viatu amevivua mlangoni ingawa hakuambiwa. Yule afisa akaufungua muhtasari wangu mezani.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Hongera. Siku hizi watu hawaandiki hivi."

Niliona fahari. Mungu anisamehe, mahali pale, siku kama hii, niliona fahari.

"Mkutano ulifanyika?"

Didas alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Ulifanyika."

Yule mama akamgeukia Bi Mwanajuma, wala si kwa ubaya. "Bibi, kuna dole lako hapa. Na swali lako pia limeandikwa." Akasoma kwa sauti: "Bi Mwanajuma aliuliza iwapo wenye mashamba bondeni watapewa eneo mbadala. Mwenyekiti alijibu kuwa watapewa. Bi Mwanajuma aliridhika."

Bi Mwanajuma alikuwa amefumba macho, kama anavyofanya mkutanoni. Alipoyafumbua akasema polepole, "Swali hilo ningeliuliza. Ni langu kabisa." Akalikunja dole gumba lake kiganjani. "Lakini nisingeridhika."

Kisha akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa hasira. Nadhani alikuwa anamtafuta mtu anayemjua vizuri kiasi cha kumtungia swali, na alipompata akatazama pembeni.

Afisa akaandika maelezo yangu nusu ukurasa, akanigeuzia karatasi. "Ni yale yale uliyosema. Weka sahihi hapa." Nikaweka bila kusoma.

Tulirudi kwa gari moja na Bi Mwanajuma. Yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma. Kilemba chake cha kanga kilikuwa kimelowa na hakugeuka hata mara moja.

18 Mei

Bi Mwanajuma aliweka mkeka katikati ya njia ya malori akakaa. Polisi wakamchukua. Amelala kituoni siku mbili. Ameachiwa na barua ya kumzuia kuhudhuria mikutano yoyote ya kijiji mpaka uchunguzi ukamilike. Uchunguzi wa nini, barua haisemi. Zubeda ndiye aliyemsomea.

20 Mei

Kumekucha na mvua na kumekuchwa na mvua. Sijashona.

Shuleni tulifundishwa demokrasia, na mtihani ule nilipata alama zote. Niliandika kwamba ni wananchi kuchagua viongozi wao kila baada ya miaka mitano. Mwalimu akaweka vema kubwa jekundu. Mwenyekiti yule wa zamani hakuwa akiitisha mikutano kabisa, kwa hiyo kila mtu alimwona ni mbaya, hata mtoto. Mjomba hajakosa mkutano hata mmoja. Ajenda zipo, muhuri upo, tarehe zote ziko sawa. Hajampiga mtu, hajaiba, nyumba yake ndiyo ile ile. Amepunguza kitu kimoja tu, zile dakika ishirini ambazo mtu angeweza kusema "hatukusema hivyo." Na tulimpigia makofi maana jua lilikuwa kali na tulikuwa na njaa.

Nilidhani Bi Mwanajuma ni msumbufu tunayemvumilia. Sasa naona kijiji kilikuwa kinashikiliwa na usumbufu wake, na mimi ndiye niliyeuandika kuwa umeridhika. Naona aibu. Naona aibu mpaka nashindwa kuangalia vidole vyangu nikivuta uzi.

27 Mei

Idd. Mjomba katuletea paja la mbuzi kama kila mwaka. Kwa Bi Mwanajuma hakuna aliyekwenda, watu wanapita mbele ya nyumba yake wakiongea na simu zisizo na mtu. Nilimpakulia sahani nikaipeleka.

Akaipokea, akainusa. "Ya nani?"

"Ya Mjomba."

Akanirudishia. "Mwambie tuchukulie nimekula."

Nilicheka bila kutaka, na yeye kidogo mdomo ukamcheza. Halafu nikaanza kulia pale pale mlangoni, nikamwambia yote: karatasi isiyo na kichwa, siku ya mvua, swali nililomtungia. Aliniacha nikalia mpaka mwisho. Hakunikumbatia wala hakunifukuza.

"Haya ninayajua, Shamsia. Niliyajua Kibaha. Sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi ndiye niliyedanganywa?"

Akaingia ndani.

2 Juni

Mvua inapungua. Mjomba ametangaza mkutano mkuu tarehe 6. Watakuja wageni kutoka Kibaha na kampuni. Muhtasari wa mkutano wa dharura ni lazima uthibitishwe na mkutano unaofuata, bila hivyo kampuni haipewi hati ya kudumu. Mama ameniambia leo, huku anachambua mchele na macho hayatoki kwenye ungo: "Aliyekusomesha ni mmoja."

6 Juni

Lazima niandike leo leo, kabla mtu hajaniambia ilikuwa vingine.

Jua lilitoka. Uwanja ulikuwa umekauka na watu walijaa, mia na zaidi. Meza kuu walikaa Mjomba, Didas, bwana wa kampuni, na yule mama wa Kibaha mwenye miwani. Bi Mwanajuma hakuingia. Alisimama nje ya ua wa michongoma, barabarani, mahali ambapo barua haimzuii kusimama. Malori yalipita nyuma yake mara tatu kabla hatujaanza.

Mjomba akafungua kwa dua, akakaribisha wageni, akasema, "Ajenda ya kwanza, kuthibitisha muhtasari wa mkutano wa dharura. Tusipoteze muda wa wageni. Tuchukulie umesomwa. Mnaokubali?"

Mikono ilianza kupanda, lakini kwanza kila mtu aligeuza shingo kuangalia pale anapokaa Bi Mwanajuma. Hata Mjomba aliangalia. Palikuwa na nyasi tu. Nikasikia sauti nyembamba inasema, "Mwenyekiti, muhtasari usomwe," na ilikuwa yangu.

Mjomba alidhani namtania. "Shamsia, kaa."

"Usomwe, Mwenyekiti."

"Umeuandika wewe!"

"Ndiyo maana."

Yule mama wa Kibaha akavua miwani. "Mjumbe akiomba, unasomwa. Ndio utaratibu."

Basi nikasoma. Nilisoma "wajumbe walijadili kwa kina," na watu wakaanza kutazamana. Nilisoma "Bi Mwanajuma aliridhika," na mtu nyuma akasema "lini?" Nilipomaliza Mjomba akashusha pumzi, akidhani nimekwisha. Majina ya mahudhurio huwa hatuyasomi. Nikafunua ukurasa.

"Namba moja, Anselmi Kobelo."

Anselmi akasimama, kofia mkononi. "Tarehe ngapi hiyo? Mimi nilikuwa Ruvu, kwa shemeji. Sikuwepo."

"Namba mbili, Maneno Kibwana."

"Sikuwepo."

Wengine walijibu, wengine waliinamisha vichwa wakachora ardhi kwa vijiti. Didas alikuwa anamnong'oneza Mjomba sikioni. Mjomba hakunikatiza. Sijui kwa nini, na sitaki kumsingizia wema wala ubaya. Alikuwa ananiangalia tu. Nilipofika thelathini na nane nikasoma, "Mwanajuma Pazi," na kutoka nje ya ua ikaja sauti, "Nilipewa chandarua!" Watu wakaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika ghafla, maana kila mtu alikumbuka chandarua chake.

Namba tisini na moja nilianza kuisoma kabla jicho halijaona ni nani. "Rajabu Mwinyimkuu." Ile sahihi ya Kiarabu ilikuwa pale, na wino haujafifia.

Zubeda hakusimama. Alisema akiwa amekaa, bila kupaza sauti, "Baba alikuwa na siku kumi na tatu kaburini. Na yeye alinyoosha mkono?"

Mjomba alivua kofia akaiweka mezani. Hapo nilimhurumia. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu, na nikaendelea kusoma. Saa nzima na robo. Jina la mwisho ukurasa wa mwisho ni langu, nimeliandika kwa mapambo.

"Mia mbili na kumi na nne. Shamsia Mwishehe, mwandishi." Walinisubiri. "Nilikuwepo," nikasema. "Watu walikuwa watatu, na mwandiko ni wangu. Kibaha nilisema mkutano ulifanyika. Nilisema uongo."

Nikakaa. Nilidhani sasa kitu kitaanguka, mbingu au meza.

Mjomba akavaa kofia yake. Alizungumza taratibu, kwa sauti ile anayotumia msibani. "Tumeusikia wote. Una makosa yake, na aliyeyafanya amekiri. Lakini wageni wako hapa, na madarasa msingi wake umeshachimbwa. Wenye mashamba tutakaa nao. Nawauliza wananchi, kila mmoja yuko huru. Mnaokubali tuuthibitishe, nyoosheni mikono."

Nilihesabu. Sitasahau. Wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyeketi karibu na Didas. Kisha mitano. Kisha ikawa kama mwanzo wa mvua, huku na kule, halafu karibu wote. Maneno alinyoosha. Anselmi, aliyekuwa Ruvu, alinyoosha nusu, kiwiko kimeshikana na ubavu. Mama yangu alinyoosha. Sabini na saba. Waliokataa walikuwa tisa, Zubeda mmoja wao, na mkono mmoja mweusi wa tope uliokuwa juu ya michongoma, ambao hauhesabiki.

Yule mama wa Kibaha aliandika kitu. "Umethibitishwa," akasema, bila kumwangalia mtu.

Tulipotawanyika Mjomba alipita karibu yangu. "Sasa umewafanya wakubali kweli," akaniambia. "Mwanzo ningekuwa mwongo peke yangu." Hakuwa anafurahi. Alikuwa amechoka, na alikwenda zake kwa miguu, pikipiki ya Didas ikimpita.

7 Juni

Malori yamepita tangu alfajiri. Nimehesabu ishirini na mawili nikaacha. Mama hasemi na mimi. Kaniwekea chakula, kafunika, kaondoka.

9 Juni

Mvua imekatika, vumbi limeanza.

Nimeletewa barua yenye muhuri. Inasema halmashauri ya kijiji, katika kikao chake cha tarehe 8 Juni, imepokea na kukubali kujiuzulu kwangu ujumbe kwa sababu binafsi, na inanishukuru kwa utumishi wangu. Nyuma yake kuna mahudhurio. Jina langu ni la tano na lina sahihi pembeni. Mwandiko ni mbaya sana, sijui aliyeandika wamempata wapi.

Nilikuwa nimeishika hivyo hivyo Bi Mwanajuma alipobisha hodi. Hajakanyaga hapa tangu Mei. Alikaa kwenye kiti kile kile, akaweka chini kifurushi cha mchicha, mdogo mdogo, wa kwenye makopo maana bonde halipo.

"Nasikia umeletewa karatasi."

"Nimeletewa."

"Isome."

Nikaisoma. Akafumba macho. Nilisoma yote, tarehe, kumbukumbu namba, sababu binafsi, shukrani, na majina ya nyuma, nikilisikia jina langu kwa sauti yangu mwenyewe. Kuku walikuwa wanachakura mlangoni na lori likapita, tukasubiri lipite.

Akafumbua macho. "Pale kwenye kujiuzulu. Ulijiuzulu?"

"Sikujiuzulu."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nashona."

Akanyoosha kidole kuelekea daftari hili, lililokuwa kwenye cherehani. "Si unaandika humo? Andika."

Nimeandika: tarehe nane Juni Shamsia Mwishehe alikuwa nyumbani kwake anashona, hakuhudhuria kikao chochote, hakujiuzulu.

Bi Mwanajuma akajifunga kanga vizuri, akakaa sawasawa, akafumba macho tena.

"Haya," akasema. "Nisomee."